Pigo la Pili: Jibu kwa Mama wa Same

UKURASA WA AFYA YA NYUMBA



Mwezi huu tulikuwa tumekusudia kuzungumza juu ya maji safi ya kunywa, walakini imetufikia barua kutoka Same, chini ya Milima ya Upare, nasi hatukuona ruhusa ya kuiahirisha. Aliyeiandika ni mama, naye ametuomba tulistiri jina lake, nasi tumelistiri. Tutaieleza barua hiyo kwa ufupi, kwani yaliyompata mama huyu yaweza kumpata kila mwenye mwana na kila mwenye jirani.

Mwanawe, kijana wa miaka 22, alikuwa akishuka kutoka milimani kwa pikipiki baada ya sala ya Alasiri, amepakia magunia ya tangawizi. Kwenye kona yenye changarawe aliteleza, akaanguka, na kichwa chake kikapiga jiwe. Hakuwa amevaa kofia ngumu. Alizimia kwa dakika chache, kisha akazindukana, akasimama kwa miguu yake, akasema hana neno ila kichwa chamuuma. Akaletwa nyumbani. Alizungumza na watu, akaswali Magharibi kwa kukaa, na mke wa baba yake mdogo akamletea uji. Akanywa kidogo, akatapika. Baada ya Isha akasema ana usingizi, nao wakasema, “Mwacheni apumzike.” Alfajiri mama alipokwenda kumwamsha alimkuta anakoroma mkoromo mzito, haamki kwa kuitwa wala kwa kutikiswa, na mboni ya jicho lake la kulia imekuwa kubwa kuliko ya kushoto. Akakimbizwa hospitali, na kutoka hapo akapelekwa kwenye hospitali kubwa zaidi, akafunguliwa fuvu, damu iliyoganda ikatolewa. Alhamdulillahi, yu hai. Lakini mkono wake wa kushoto hauna nguvu, husahau mambo ya jana, na yeye aliyekuwa mpole kuliko ndugu zake wote sasa hukasirika kwa jambo dogo.

Mama atuuliza maswali matatu. La kwanza: imekuwaje mtu aliyesimama, akasema, akaswali, azidiwe usiku bila ya kuguswa tena na kitu chochote? Watu wa ukoo wasema kuwa jiwe halikumfanya neno, kwani walimwona kwa macho yao akiwa mzima. Kilichomwangusha ni ule uji, na aliyeuleta alikuwa na lake moyoni. Tangu siku hiyo nyumba mbili za ndugu wa baba mmoja hazisalimiani. La pili: je, yeye mama ana dhambi kwa kumwacha mwanawe alale? La tatu: afanye nini sasa na kijana huyu ambaye sura ni ya mwanawe, lakini tabia si yake?

Mama yetu, tunakupa pole, na twamwomba Mwenyezi Mungu amtimizie mwanao uponyaji. Sasa sikiliza, na uwasomee jibu hili watu wa nyumba zote mbili, khasa wale wasiosalimiana.

JIWE LINAPIGA MARA MOJA, JERAHA HALIISHI MARA MOJA

Watu wengi hudhani kuwa mtu akipigwa kichwa, madhara yote hutokea papo hapo. Atakayekufa amekufa, na aliyesimama amepona. Hivyo sivyo. Madaktari wa leo hugawa jeraha la ubongo katika sehemu mbili. Ya kwanza ni lile pigo lenyewe, yaani ubongo kutikisika ndani ya fuvu, kuchubuka, nyuzi zake kukatika na mishipa ya damu kupasuka. Hili hutokea kwa kufumba na kufumbua, na hakuna daktari awezaye kulirudisha nyuma. Ya pili ni madhara yanayofuata baada ya pigo, kwa dakika, kwa saa, kwa siku, hata kwa majuma. Hili ndilo tuliloliita pigo la pili. Halina jiwe wala fimbo, na mara nyingi ndilo linaloua.

Ili kulifahamu, yatupasa kwanza tuujue ubongo. Uzito wake ni kama sehemu mbili tu katika kila mia ya uzito wa mwili, lakini hutumia kama sehemu ishirini katika kila mia ya oksijeni yote ivutwayo na mtu aliyetulia. Seli zake za fahamu, ambazo wataalamu wamezikadiria kuwa kama bilioni 86, hazina ghala la akiba. Hutegemea damu ije bila ya kukatika. Ninyi watu wa Upare mtaelewa kwa mfano wa ndiva. Maji hukusanywa usiku, asubuhi hufunguliwa, yakashuka kwa mifereji mpaka kwenye mashamba. Ukingo ukibomoka mahali pamoja, hutokea hasara mbili kwa wakati mmoja: shamba la karibu lafurika, na mashamba ya mbali yakauka. Ndivyo ilivyo katika kichwa kilichoumia. Damu yamwagika pasipotakiwa, na hapo hapo sehemu nyingine zakosa damu.

Na kuna tofauti moja kubwa. Shamba lina nafasi, fuvu halina. Fuvu la mtu mzima ni sanduku la mfupa lisilotanuka. Ndani yake mna ubongo, mna damu, na mna maji yanayouzunguka ubongo. Kikiongezeka kimoja, hapana budi vingine vipungue. Damu ikivuja polepole kati ya mfupa na utando wa ubongo, kwa muda wa kwanza maji na damu ya kawaida husogea kupisha, na mtu huonekana hana neno; husema, hucheka, huswali. Nafasi ikiisha, shinikizo hupanda ghafla. Ubongo husukumwa upande na kushushwa chini, mshipa wa fahamu unaoendesha mboni ya jicho hubanwa, mboni hupanuka, kisha hubanwa mahali panapoendesha kupumua. Mkoromo mzito ulioukuta Alfajiri haukuwa usingizi, mama yetu. Ulikuwa ni ubongo unaoomba nafasi.

Kipindi hiki cha kuonekana mzima kati ya kuzimia kwa kwanza na kuzidiwa kwa pili chajulikana na madaktari wa dunia nzima. Huonekana London, huonekana Cairo, huonekana Dar es Salaam, kwa watu walionywa uji na kwa watu ambao hawakunywa kitu.

SELI HUFA KWA NAMNA MBILI

Tukiingia ndani zaidi, tutakuta kwamba seli za ubongo ulioumia hufa kwa namna mbili, na zote mbili ni ajabu ya uumbaji.

Namna ya kwanza ni kifo cha kupasuka, ambacho wataalamu hukiita nekrosisi. Seli iliyokosa oksijeni hushindwa kuendesha kazi zake, chumvi na maji huingia ndani yake bila ya kizuizi, ikavimba, ikapasuka, ikamwaga vilivyomo juu ya jirani zake. Miongoni mwa vinavyomwagwa mna kemikali iitwayo glutameti. Kwa kiasi kidogo, glutameti ni mjumbe baina ya seli na seli. Ikimwagika kwa wingi huwa sumu, kwani huzifungulia seli jirani milango, madini ya kalsiamu yakajaa ndani yao, nazo zikaanza kufa. Hivyo seli moja huiua ya pili, na ya pili huiua ya tatu.

Namna ya pili ni kifo cha utaratibu. Wanasayansi watatu, Kerr, Wyllie na Currie, walikipa jina la apoptosisi mwaka 1972. Hapa seli haipasuki. Hujikunja, hujigawa vipande vidogo, na hao walio karibu huvila vipande hivyo bila ya fujo, kama jani linalokauka na kuanguka pasipo kuudhuru mti. Kifo hiki kwa asili yake ni rehema. Mtoto akiwa tumboni vidole vyake huwa vimeunganishwa na ngozi, na seli zilizo baina yao hufa kwa utaratibu huu ndipo vidole vikaachana. Wanasayansi Brenner, Horvitz na Sulston walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002 kwa kuonyesha, katika mnyoo mdogo sana, jinsi kifo hicho kinavyoamrishwa kutoka ndani ya seli yenyewe.

Msiba wa ubongo ulioumia ni kwamba amri hiyo hutolewa pia kwa seli zisizostahili kufa. Kandokando ya mahali palipoharibika pana seli nyingi ambazo hazijafa lakini zimechoka. Zikipata damu na oksijeni kwa wakati, nyingi hupona. Zikikosa, hufuata. Kwa sababu hii saa za mwanzo zina thamani kubwa kuliko siku nyingi zinazofuata.

WALINZI WANAPOZIDISHA

Kuna jambo la tatu. Ukichomwa na mwiba kidoleni, kesho yake utaona pamekuwa pekundu, pana moto, pamevimba, na panauma. Madaktari huita hali hiyo mchochota. Ni askari wa mwili wanaokuja kuua vijidudu na kusafisha palipoharibika. Ubongo nao una walinzi wake, seli ndogo ziitwazo maikroglia, ambazo Mhispania Pío del Río-Hortega alizieleza mwaka 1919. Siku zote walinzi hawa huzunguka na kupeleleza. Seli zikipasuka na kumwaga vilivyomo, walinzi huzinduka, wakala mabaki, wakatoa kemikali za kuita wenzao kutoka katika damu. Kuta za mishipa midogo hulegea ili wapite, na maji hupita pamoja nao, ubongo ukavimba.

Upareni mnajua kazi ya msaragambo, watu wanapoitwa kwenda kutengeneza mfereji au barabara ya wote. Wakija kwa kiasi na kuongozwa, kazi huisha kwa siku moja. Lakini wakija mia tano bila ya msimamizi, wakajazana kwenye kishamba kimoja, watakanyaga miche waliyokuja kuiokoa. Ndivyo mchochota unavyofanya katika ubongo. Bila ya huo jeraha halisafishwi wala haliponi, na ukizidi huua seli zilizokuwa hai. Na kidole kikivimba kina pa kuvimbia, lakini ubongo hauna.

Pengine msomaji atasema: basi itafutwe dawa ya kuuzima mchochota. Fikira hiyo waliwahi kuwa nayo madaktari wakubwa. Kwa miaka mingi waliwapa waliojeruhiwa kichwa dawa za jamii ya steroidi, ambazo hupunguza uvimbe mahali pengi mwilini. Mwaka 2004 yakatangazwa matokeo ya utafiti mkubwa ulioitwa CRASH, uliowahusu wagonjwa 10,008. Waliopewa steroidi walikufa kama 21 katika kila mia katika majuma mawili ya mwanzo, na wasiopewa walikufa kama 18. Dawa iliyodhaniwa kuokoa ilikuwa ikiua. Tunalieleza jambo hili ili kila mwenye nyumba ajue kuwa dawa hizo hazinunuliwi dukani kwa ushauri wa jirani kumtibu aliyepigwa kichwa. Hadi leo haijapatikana dawa ya kuuzima mchochota huu na kuziokoa seli.

Linaloweza kufanywa ni kumkinga mgonjwa na pigo la pili: apumue vizuri, asikose oksijeni, shinikizo la damu yake lisishuke, kichwa kiinuliwe kiasi, damu iliyokusanyika ionekane kwa mashine ya CT na kutolewa mapema. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 1993 ulionyesha kwamba majeruhi wa kichwa ambao shinikizo lao la damu lilishuka sana, hata mara moja tu, vifo vyao vilikuwa maradufu ya wenzao. Na mwaka 2019 utafiti wa CRASH-3, uliowahusu watu 12,737 katika nchi 29, ulionyesha kuwa dawa ya kuzuia kuvuja damu, iitwayo asidi ya traneksamiki, hupunguza vifo vya waliojeruhiwa kichwa kwa kiasi kidogo au cha wastani ikiwa itatolewa ndani ya saa 3. Kwa waliojeruhiwa vibaya mno faida haikuonekana. Tazama jinsi mambo yote yanavyorudi kwenye saa.

Wala asidhani mtu kuwa kufungua fuvu ni uzushi wa leo. Tabibu Muislamu Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Andalusi, aliyeishi miaka kama elfu moja iliyopita, alieleza katika kitabu chake jinsi ya kutibu mivunjiko ya fuvu.

MARADHI MENGINE YENYE NJIA HIYO HIYO

Hatupendi msomaji adhani kuwa habari hii ni ya wenye pikipiki peke yao. Kiharusi nacho huua seli kwa njia hizo hizo, ijapokuwa hakuna aliyeanguka. Mshipa huziba au hupasuka, sehemu moja ya ubongo hukosa damu, na pembezoni mwake hubaki seli zilizochoka zikingoja msaada. Imekadiriwa kuwa katika kiharusi kikubwa cha kuziba mshipa, seli za fahamu kama milioni 1.9 hufa kila dakika moja. Katika mkoa huu huu wa Kilimanjaro, wilayani Hai, watafiti waliwahesabu waliopata kiharusi tangu 2003 hadi 2006, na wakafanya hivyo Dar es Salaam pia. Walikuta watu kama 109 kwa mwaka katika kila laki moja huko Hai, na kama 316 Dar es Salaam. Basi mwenye shinikizo la damu asiache dawa zake kwa kuwa hajisikii kuumwa.

Malaria iliyopanda kichwani nayo ni mfano. Wilaya za Upare zajulikana katika historia ya vita vya malaria, kwani katika miaka ya 1950 nyumba zilinyunyizwa dawa ya dieldrin katika mpango wa Pare na Taveta. Malaria ilipungua sana, lakini baada ya unyunyizaji kukoma mwaka 1959 ilirudi kidogo kidogo. Katika malaria ya kichwani, chembe za damu zenye vimelea hunasa katika mishipa midogo ya ubongo, kuta za mishipa hulegea, ubongo huvimba. Madaktari wa Blantyre, Malawi, walipowapiga watoto picha za ubongo waliona, kama walivyotangaza mwaka 2015, kwamba katika watoto 25 waliofariki, 21 walikuwa na ubongo uliovimba sana. Walikufa kwa kukatika pumzi, kwa ubongo kukandamizwa chini, sawa na aliyejeruhiwa. Habari njema ni kwamba utafiti mwingine, uliotangazwa mwaka 2010 na uliohusisha watoto 5,425 katika nchi za Afrika, zikiwamo hospitali za Korogwe na Muheza, ulionyesha kuwa sindano ya atesuneti huokoa watoto wengi kuliko kwinini. Mtoto mwenye homa anayeanza kuzubaa au kutikisika kwa degedege ni wa hospitali saa hiyo hiyo, wala si wa kungoja kuche.

JUU YA ULE UJI

Sasa turudi kwenye swali la kwanza. Mwana wako hakuangushwa na uji. Alitapika kwa sababu shinikizo lilikwisha anza kupanda kichwani. Usingizi ulikuwa dalili, kutapika kulikuwa dalili, na maumivu ya kichwa yaliyozidi yalikuwa dalili. Zilionekana na watu wote, lakini hakuna aliyejua kuzisoma. Ni kweli kwamba aliyepigwa kichwa asipewe chakula wala kinywaji mpaka aonwe na daktari, kwa kuwa aweza kutapika na matapishi kuingia mapafuni. Lakini hilo ni kosa la kutojua, na aliyelifanya alifanya kwa huruma.

Enyi watu wa ukoo huu, mmemtuhumu mwanamke aliyeleta bakuli la uji kwa mtoto wa nyumba yenu. Mmetegemea nini? Dhana. Nasi Waislamu tumekatazwa kuifuata dhana mbaya, tumekatazwa kwenda kwa wapiga ramli, na tumeonywa vikali juu ya kukata udugu. Waliosema neno hilo na waende kwake wakamwombe radhi, wala wasimtume mtoto. Afadhali iwe kabla ya Ijumaa ijayo.

JUU YA DHAMBI YA MAMA

Swali la pili ni zito kwako, mama yetu, na twaona ndilo lililokufanya uandike. Hukujua. Ulimwona mwanao amechoka, ukamwacha alale, kama mama yeyote angefanya. Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu kwa elimu asiyokuwa nayo. Jiondolee mzigo huo, maana mwanao anakuhitaji uwe na nguvu.

Walakini sisi wengine tuliosoma habari hii leo hatuna tena udhuru huo. Kusema “ni kudura” baada ya kufanya wajibu ni imani, na kusema hivyo kabla ya kuufanya ni ajizi. Kisa cha mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga chajulikana na kila mtoto wa chuo. Kutoka Same mjini hadi Moshi, ilipo hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, ni zaidi ya kilomita 100, na aliye Chome au Mamba ana mlima wa kuteremka kwanza. Madaktari wa KCMC wameweka kumbukumbu za majeruhi wa kichwa kwa miaka mingi, nao wameona kuwa walio wengi ni wanaume vijana walioumia barabarani. Kwa mwenye safari kama hiyo, kungoja asubuhi ni kuyatupa masaa ambayo hayarudi.

JUU YA MWANA ALIYEBADILIKA

Swali la tatu: tabia za mtu hukaa kwa sehemu kubwa katika ubongo wa mbele, na huko ndiko ajali za kichwa huumiza mara nyingi. Hasira ya mwanao si utovu wa adabu wala si pepo. Ni jeraha, kama ulivyo ule mkono wake wa kushoto. Humlaumu kwa mkono, basi usimlaumu kwa hasira, bali msaidie kwa vyote viwili. Mpe jambo moja kwa wakati mmoja. Punguza makelele na wageni wengi. Mwandikie mambo ya siku kwenye karatasi ukutani. Alale vya kutosha. Afanye mazoezi ya mkono kila siku kama alivyoelekezwa, kwani ubongo huendelea kujifunza njia mpya kwa miezi, na wengine kwa miaka.

Asirudi kwenye pikipiki mpaka daktari aridhie. Pigo jingine juu ya ubongo ambao haujapona ni hatari kubwa. Akianguka kifafa, ambacho huwapata baadhi ya waliojeruhiwa kichwa, arudishwe hospitali, na akipewa dawa asizikatize, hata mwezi wa Ramadhani, bila ya shauri la daktari. Dini yetu ina ruhusa kwa mgonjwa. Kama kusujudu kwamtia kizunguzungu, na aswali kwa kukaa na kuashiria.

Na kwa nyumba ambazo aliyeumia ni mume: akitamka neno la talaka katika hasira ya maradhi haya, msikimbilie kulitangaza. Sheria yetu imeinua kalamu juu ya aliyepotewa na akili, na kujua kama amefikia hapo ni kazi ya wenye elimu. Mpelekeeni kadhi au sheikh pamoja na barua ya daktari, ahukumu kwa ujuzi.

YA KUFANYA KATIKA KILA NYUMBA

Tunawaomba wasomaji waukate ukurasa huu na kuubandika ukutani.

Aliyepigwa kichwa akazimia, hata kwa dakika moja, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, ijapokuwa amesimama na kusema.

Dalili za hatari ni hizi: kutapika tena na tena, kichwa kuuma kwa kuzidi, usingizi usio wa kawaida, maneno yasiyopangika, mboni za macho kutolingana, mkono au mguu kulegea, kutikisika kwa kifafa, na damu au maji meupe kutoka puani au masikioni. Ikionekana moja tu, usiku au mchana, safari ianze.

Asibebwe mshikaki katikati ya watu wawili juu ya pikipiki, kichwa kikining’inia. Alazwe juu ya ubao au machela, kichwa na shingo vishikwe pamoja visipinde. Akitapika ageuzwe mwili mzima ubavu, kwa mikono ya watu kadhaa. Kama hakuna gari, vijana wa kijiji waitwe kama waitwavyo kwenye msaragambo. Dini yetu imeipa nafsi moja inayookolewa uzito wa wanadamu wote.

Asipewe aspirini wala dawa nyingine ya maumivu inayoweza kuzidisha kuvuja damu, wala chakula, wala dawa ya kienyeji.

Nawe kijana mwenye pikipiki, sikiliza neno la mwisho. Wataalamu waliokusanya tafiti nyingi za dunia waliona, mwaka 2008, kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa mwendesha pikipiki kwa kama sehemu 42 katika mia, na hatari ya kuumia kichwa kwa kama sehemu 69 katika mia. Hakuna dawa iliyotajwa katika ukurasa huu iliyo na nguvu kama hiyo. Kofia iliyotundikwa kwenye usukani haimkingi mtu. Ivae, ifunge ukanda wake chini ya kidevu, na abiria wako naye umpe yake. Mwili wako ni amana, na mama yako ana haki ya kulala usiku.

Mama wa Same, tuandikie tena baada ya miezi mitatu utuambie hali ya mkono wa mwanao. Na utuambie pia kama zile nyumba mbili zimesalimiana.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na awarehemu waliotutangulia. Amin.